Hodi Mbili Zilizoondolewa

Usiku wa jana niliota nimeibiwa hodi mbili.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nalala kama gunia, na asiyeamini amuulize mama yangu, Bi Mwantumu, aliyekuwa akinimwagia maji ili niamke kwenda shule. Lakini hii nimeiona kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nitaisimulia yote bila kupunguza. Mambo ya kupunguza nimekoma.

Nimesimama mlangoni mwa chumba cha mama. Ni nyumba yetu ileile ya Tanga, na ukuta ni uleule wenye doa pale ilipokuwa ikitundikwa kalenda. Napiga hodi. Hodi ya kwanza inatoka mdomoni inaugonga mlango vizuri tu. Ya pili na ya tatu zinadakwa hewani na mwanamke mwenye mkasi, anazikata mikia kama bamia, anazitupa kwenye ndoo.

"We mama! Hizo hodi ni zangu!"

"Zimejirudia," akasema, wala hakuinua uso. "Ya pili ni sawa na ya kwanza. Ya tatu ni sawa na ya pili. Nimekubakizia moja, ndiyo yenye kazi."

Khanga aliyojifunga ilikuwa na pindo zake zote, lakini pale panapokaa maneno palikuwa patupu. Nikamuuliza maneno ya khanga yake yamekwenda wapi.

"Nimeivaa tangu asubuhi na hakuna aliyeyasoma. Kisichosomwa nakiondoa."

Hapo nikamjua. Alikuwa Kompaila.

Ngoja nieleze kidogo, maana si kila mtu anapata ugali wake kwa kazi hii. Mimi, Zamda, naandika kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaokaa ndani ya mashine na kuamua nani afanye nini na wakati gani. Ninachoandika mashine haikielewi. Kompaila ndiye mkalimani: anakichukua, anakigeuza kuwa amri za mashine, na njiani anaondoa chochote anachoona hakina kazi ili mambo yaende mbio. Kompaila wetu anatengenezwa na kundi la watu walioko Mbeya, na mkubwa wao ni bwana mmoja anaitwa Habakuki Mwasomola. Sisi wa kerneli tuko Tanga. Tunashirikiana, ndivyo inavyosemwa kwenye vikao. Ukweli ni kwamba mashine ikigoma sisi tunasema kompaila wao ameharibu, wao wanasema sisi hatukufuata kanuni za lugha, halafu kila mtu ananuna upande wake.

Na mashine yenyewe ninayoiandikia ni ya kusaidia watu kupumua. Moja iko chumbani kwa mama, maana mapafu yake yalichoshwa na vumbi la mkonge enzi anafanya kazi ya kusugua singa, zile nyuzi za mkonge, kiwandani. Mrija unampelekea oksijeni puani. Kibanio kinambana kidole na kupima oksijeni iliyomo kwenye damu, kisha namba inatokea kwenye kioo. Ikishuka chini ya tisini, king'ora kinalia mpaka mtaa mzima unajua. Jana jioni niliiwekea mashine hiyo toleo jipya la kerneli, lililopitishwa kwa kompaila mpya kutoka Mbeya. Namba ikasoma tisini na saba, taa ikawa ya kijani. Nikamtakia mama usiku mwema, nikaenda kulala nikijisifu.

Basi, mlangoni.

"Nifungulie," nikauambia mlango.

"Umepiga hodi moja," mlango ukajibu. Ulikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. "Mimi nafunguka kwa hodi ya tatu. Hodi moja huwa ni upepo, au mbuzi."

"Nimepiga tatu! Mbili kachukua huyu hapa!"

"Yaliyotokea njiani siyajui. Mimi ni kifaa. Najua kilichonifikia."

Nikapiga tena hodi tatu, mara hii kwa ukali. Mkasi ukalia, kwacha, kwacha, na mbili zikaangukia kwenye ndoo.

"Utajichosha bure," Kompaila akasema. "Kwangu mimi huo mlango ni mahali pa kuweka neno. Ukiweka neno lilelile mara tatu mahali palepale, umeweka mara moja."

"Ni mlango! Nyuma yake kuna mtu!"

"Umeandika wapi kwamba ni mlango?"

Katika kerneli niliyoandika mlango haukutajwa popote. Nani anaandika kitu kama hicho? Ukiuona unajua ni mlango.

Kando yake, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, alikuwa ameketi mzee mnene mwenye kanzu iliyombana tumbo. Alikaa kwa utulivu kama mtu aliyeshiba. Nikaona heri niamkiane naye, pengine ana ufunguo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nzuri."

"Sijakuuliza bado."

"Ulikuwa uniulize habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za tangu siku zile," Kompaila akasema. "Zote jibu lake ni nzuri. Nimezifunga pamoja kuokoa muda."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Mimi naitwa Tisini na Saba," akasema. "Natoa habari za mgonjwa."

Nikamsogelea. "Mama yangu anaendeleaje?"

"Hajambo. Tisini na saba."

"Umemwona lini?"

"Nilimwona."

"Sasa hivi yukoje?"

"Hajambo. Tisini na saba."

Ndani ya chumba mama akakohoa. Ni kikohozi chake, nakijua, kile kinachoanzia mbali na kukwama njiani. Nikangoja kinachofuata, maana mama hakohoi kimoja. Hakikuja. Nikageuka nikamwona Kompaila anatupa kitu kwenye ndoo.

"Umefanya nini?"

"Kimefanana na cha kwanza."

Lahaula! Nikamshika mzee mabega nimwinue. Alikuwa mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. "Inuka," nikamwambia. "Inuka uingie ndani ukamtazame tena."

Akamtazama Kompaila kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Tena?" Kompaila akasema. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. "Zamda, mimi nimesoma kazi yako yote, neno kwa neno. Hakuna mtu ndani yake aliyembadilisha huyu mzee. Hayupo aliyemwandika upya. Sasa nimtume akatazame kitu ambacho hakuna aliyekigusa? Nilimtuma mara moja, akarudi na jibu, nikalitunza. Kila ukiuliza nakupa lile lile, tena kwa haraka. Nionyeshe ulipoandika kwamba hali ya mama yako inaweza kubadilika."

"Lakini kila mtu anajua!"

"Kila mtu hayumo kwenye lugha."

Na hapo ndipo nilipoelewa. Huyu mama hakuwa mwizi wala mchawi. Alikuwa amenisoma barabara. Nilichoandika ndicho alichokifanya, na nilichomaanisha kilibaki kichwani mwangu, chini ya kilemba, na huko yeye hafiki.

Tena mama mwenyewe ndivyo alivyo. Akiungua na mafuta ya kukaangia samaki: sijambo. Akilazwa wodini na dripu mkononi: sijambo, habari za kazi? Mficha maradhi kifo humuumbua, namwambia kila siku, naye ananiitikia kwa heshima zote kwamba hajambo. Ukimuuliza mama mara moja na kuondoka, umekwenda na uongo.

"Nataka kuonana na wakubwa," nikasema.

Nikageuka, na ukumbi wetu umekuwa kikao cha posa.

Imetandikwa mikeka miwili. Kwenye mmoja wamekaa watu wa kerneli, wenzangu wa Tanga, wamevaa kanzu na kupakata kompyuta. Mbele yao amekaa kiongozi wetu, Mzee Shekibula, ambaye ofisini tunamwita kaka lakini ndotoni alikuwa na ndevu. Kwenye mkeka wa pili wamekaa watu wa Mbeya. Nikamwona Habakuki Mwasomola, amevaa suti na ndala, amempakata jogoo aliyefungwa mdomo kwa uzi. Katikati ya mikeka amesimama mshenga. Mshenga ni chupa ya chai ya mama, ile nyekundu, ambayo mkono wake ulivunjika akaufunga kwa kamba ya mkonge.

Posa, anayejua anajua: pande mbili hazisemezani. Neno linakwenda kwa mshenga na kurudi kwa mshenga, hata kama mnakaribia kugusana magoti.

"Waambie," akasema Mzee Shekibula, "mtoto wao anaondoa vitu vya watu."

"Wanasema mtoto wenu anaondoa vitu vya watu," chupa ikasema, mvuke unaitoka.

"Waambie wasome kanuni."

"Wanasema msome kanuni."

"Waambie kanuni tumezisoma, lakini mashine haikai kwenye kanuni. Inakaa kwenye meza, inashika vumbi, na nyaya zake zinaguswa na watoto."

"Wanasema mashine inashika vumbi."

"Waambie ya vumbi hatukuambiwa."

Nikaona mlango wa mama umesogea. Ulikuwa ubavuni mwangu, sasa uko mwisho wa ukumbi, na ukumbi unaendelea kurefuka. Kikohozi kikatoka, kimoja. Kingine hakikufuata.

"Jamani," nikasema, "mama yangu..."

"Zamda, kuna mshenga," wenzangu wakasema kwa pamoja.

Nikaiambia chupa. Chupa ikafungua kifuniko ili iseme, na Kompaila, ambaye sasa alikuwa amekaa pembeni yake na ndoo yake, akanyoosha mkasi akakata. "Lalamiko la kerneli dhidi ya kompaila," akasema. "Lilishatolewa mwaka jana. Ni lilelile."

Halafu akakata na jibu la Mbeya, maana nalo lilishatolewa. Kuanzia hapo wote wakawa wanachezesha midomo bila sauti, wanaume kwa wanawake, mkeka kwa mkeka, wamekasirika kwelikweli, na chupa inawageukia huku na huku kwa adabu. Mlango umekuwa mdogo kama stempu. Nilitaka kupiga kelele nikahofia kelele yangu nayo iwe imewahi kupigwa.

Sasa lazima niseme jambo. Wiki nzima kabla ya ndoto hii Habakuki alikuwa ananiandikia. Dada Zamda, toleo letu jipya linapunguza sana, kama kuna vitu vyenu vinavyobadilika vyenyewe naomba mtuambie. Sikumjibu. Nilisema kimoyomoyo, huyu naye, anataka kunifundisha kazi? Atafsiri tu, kufikiri nani alimwomba!

Nikainuka. Mtoto wa watu, niliyefunzwa nikafunzika, nikaupita mkeka wetu, nikampita mshenga, nikakanyaga mkeka wa wenyewe kwa miguu yangu. Wenzangu wakashika vichwa. Maji yalishanifika shingoni, ya adabu niliyaacha. Nikapiga magoti mbele ya Habakuki.

"Kaka Habakuki, nyuma ya mlango ule yuko mama yangu. Anapumua kwa mashine. Mzee mliyemweka pale hainuki kwenda kumwangalia."

Sauti ikatoka. Lilikuwa neno ambalo halijawahi kusemwa upande ule, na mkasi haukuligusa.

Habakuki akanitazama sana. "Kuna mama?" akauliza.

"Yupo."

"Dada, mlituletea namba. Hamkutuletea mama." Akamshika jogoo vizuri. "Tuliona namba inasomwa, na hakuna anayeigusa. Tukaisoma mara moja, tukaitunza kama yai. Tulidhani tunakusaidia. Na huyu jogoo ni king'ora chenu. Tumemfunga mdomo kwa sababu ukiwa na tisini na saba ya daima, hakuna siku atakayohitajika kuwika."

"Mngeuliza!"

"Niliuliza wiki nzima," akasema taratibu. "Na kabla ya hapo tulikuwa tunaogopa kuwauliza. Nyie watu wa kerneli mna maneno makali, dada yangu. Mara ya mwisho mmoja wenu alituita wasusi wa wembe."

Nilimjua aliyesema. Nikatazama ndala zake.

"Basi nifanyeje?"

"Tangaza. Mbele ya mikeka yote miwili. Sema mama yako ni kigeugeu."

Kikao kizima kikaguna. Hata chupa ikajifunika.

"Astaghfirullah! Mama yangu? Mwanamke aliyesuka mtindo mmoja wa nywele maisha yake yote? Aliyegombana na muuza samaki akampita kimya mpaka yule bwana alipohama mtaa?"

"Si tusi. Ndivyo kanuni inavyokiita kitu kinachobadilika bila mwandishi kukigusa. Kikishatangazwa hivyo, Kompaila haruhusiwi kukumbuka. Kila akiulizwa, sharti aende akaangalie upya, hata kama ameangalia sasa hivi."

"Hakuna neno jingine?"

"Tulilitafuta kwenye vikao. Hakuna."

Kule mbali kikohozi kikaanza na kukatika katikati. Hiki hakikukatwa na mkasi. Kompaila alikuwa ameweka mkasi mapajani, anasikiliza kama sisi.

Nikasimama. Machozi yalikuwa yananitoka, nasema ukweli wangu, mbele ya wanaume wa Mbeya.

"Mama yangu Mwantumu ni kigeugeu!" nikapiga kelele. "Wa asubuhi si wa jioni! Wa sasa hivi si wa sasa hivi ile nyingine! Akiwaambia hajambo, msimwamini! Mwulizeni tena, na akijibu mwulizeni tena!"

"Na mlango," Mzee Shekibula akasema. Alisema moja kwa moja, bila mshenga, na akajishangaa mwenyewe.

"Na mlango ni kigeugeu!"

"Asanteni," mlango ukasema kwa mbali. "Nimengoja sana."

Habakuki akainuka naye. "Sisi wa Mbeya tumesikia," akasema, "na tumekubali." Akaenda kwa Kompaila, akasimama mbele yake kama mtu anayezungumza na mama yake mkubwa. Kompaila akaisukuma ndoo kwa mguu, ikapinduka.

Vikatoka vyote. Zikatoka hodi zangu, nne nzima, zikikimbilia mlangoni. Zikatoka habari za nyumbani na za watoto na za tangu siku zile. Maneno ya khanga yakapanda yenyewe mpaka mahali pake, yakasomeka: KUULIZA SI UJINGA. Halafu vikaanza kutoka vikohozi. Vilikuwa vingi, Mungu wangu, vya usiku kucha, kimoja juu ya kingine, na mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili kama gunia.

Mlango ukafunguka.

Ndani si chumba cha mama. Ni kiwanda cha mkonge, vumbi jeupe linateremka kutoka juu, na kitanda kiko katikati ya sakafu, mbali. Tisini na Saba akainuka kutoka kwenye mbuzi ya nazi. Magoti yake yakalia. Akaingia ndani ya vumbi, akakawia kidogo, akarudi. Kanzu ilikuwa imempwaya.

"Jina lako nani?" nikamuuliza.

"Tisini na nne."

"Rudi ukamtazame tena."

Akaenda. Akarudi amekonda shingo. "Tisini na moja," akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imepungua.

"Rudi!"

"Dada Zamda," Habakuki akasema nyuma yangu, "usiache kumuuliza." Alikuwa anahangaika kufungua uzi mdomoni mwa jogoo. Fundo lilikuwa limekaza. Nikamwona yule mzee anarudi kutoka kwenye vumbi, mwembamba kama ufito, kanzu inaburuzika, na mdomo wake unafunguka kunitajia jina lake jipya. Sikutaka kulisikia. Uzi ukakatika, jogoo akanyoosha shingo akawika.

Nikaamka. Jogoo wa jirani alikuwa anawika. Dirishani kumeanza kupambazuka, na kutoka chumba cha mama mashine inanguruma kama kawaida yake, kwa upole, bila king'ora.

Nikajiambia, Zamda, ni pilau ya jana hiyo. Lakini miguu ilishashuka kitandani.

Mlangoni kwa mama nikapiga hodi. Sijui kwa nini, maana sisi ni wa nyumba moja, na nani anapiga hodi kwa mama yake? Nikapiga ya pili. Ya tatu ndipo nikasikia, "Pita," ndogo sana, nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita kwenye godoro, mabega yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Sijambo, mwanangu," akasema kabla sijauliza.

Mrija ulikuwa umemtoka puani na kubanwa chini ya mguu wa kitanda. Nikakinyanyua kitanda, sijui nguvu nilizitoa wapi, nikauvuta, nikamvalisha, nikakaa nyuma yake nikimshikilia kifuani mwangu na kumsugua mgongo. "Vuta, mama. Taratibu. Vuta tena." Nilikuwa nalia na kumgombeza kwa pamoja. Pumzi ikaanza kumrudia, ya kwanza fupi, halafu ya pili ndefu kidogo. Sikuhesabu, nilisikiliza tu.

Alipoweza kusema akasema, "Niliinuka kumimina chai. Kile kidude kinanibana kidole, nikakipachika pale. Usinikasirikie."

Nikatazama alipoonyesha. Mezani ipo chupa ya chai nyekundu, na kibanio kimeubana mkono wake, pale penye kamba ya mkonge. Waya unatoka kwenye chupa unakwenda hadi kwenye mashine. Kwenye kioo cha mashine taa ni ya kijani, na namba ni tisini na saba.

Nikakitoa kibanio kwenye chupa, nikakibana kwenye kidole gumba changu. Tisini na saba. Nikakibana kwenye mguu wa kitanda. Tisini na saba. Nikakirudisha kwenye kidole cha mama, namba ileile; mzee yule hakuinuka.

Nikachukua simu nikampigia Habakuki Mwasomola. Sijawahi kumpigia maishani mwangu, na mama sijawahi kumtajia, wala kwa barua, wala kikaoni, wala kwa mtu yeyote wa Mbeya. Akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nilikuwa nimepanga kuanza na samahani, lakini hakuningoja.

"Dada Zamda," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamka ghafla. "Mlango ulifunguka?"

Nikakaa sakafuni na simu sikioni.

"Ulifunguka," nikasema.

"Na yeye je? Hajambo?"

Nikamtazama mama. Ameegemea mto, midomo inaanza kurudi rangi yake, ananipungia mkono kama ninayemsumbua. "Mwambie huyo mtu sijambo," akasema. "Msalimie na watoto wake."

"Anasema hajambo," nikamwambia Habakuki. "Usikate simu. Ngoja nimuulize tena."